Rushwa ya Madaraka na Rushwa ya Unyonge: Namna ya Kuzitofautisha Kijijini na Katika Chama cha Ushirika

Katika mikutano ya vijiji na ya vyama vya ushirika huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Ismani hadi Mbozi, mazungumzo kuhusu rushwa huishia mara nyingi kwenye mabishano ya pande mbili. Upande mmoja husema kuwa cheo ndicho kinachoharibu watu: mpe mtu muhuri, naye ataanza kuuza saini. Upande wa pili hujibu kuwa anayeharibika ni mnyonge, kwa sababu mwenye njaa hana cha kulinda, na kwamba karani angelipwa vizuri asingegusa senti ya mtu. Pande zote mbili zina ushahidi. Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Benjamin Mkapa mwaka 1996 kuchunguza kero ya rushwa nchini, ilizikuta aina zote mbili na kuzitenganisha: wapo wanaopokea kwa sababu kipato chao hakikidhi mahitaji, na wapo viongozi na watumishi wa ngazi za juu wanaopokea kwa tamaa ya mali ilhali hawana dhiki yoyote.

Mwongozo huu hauna nia ya kumaliza mabishano hayo kwa taifa zima. Umeandikwa kwa ajili ya mjumbe wa halmashauri ya kijiji, wa bodi ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao), wa kamati ya shule au wa chama cha watumia maji, ili aweze kutambua, mahali pake na katika jambo moja mahususi, kama rushwa anayoiona inasukumwa na nguvu za mtu fulani au na unyonge wa mtu mwingine. Utambuzi huo una umuhimu kwa sababu dawa ya aina moja hudhuru ikitumiwa kwa aina ya pili. Ukizidisha vitisho na adhabu kwa mtu aliyebanwa, atajificha zaidi na kulipa zaidi. Ukimwongezea posho mtu asiyebanwa na yeyote, umempa mtaji.

Anza na shughuli moja

Wengi huanza na jina la mtu, na hapo ndipo uchunguzi unapogeuka kuwa ugomvi wa koo au wa vyama vya siasa. Anza na shughuli. Chagua moja tu: mgao wa mbolea, zamu ya maji, upimaji wa kahawa, ugawaji wa viwanja, au ajira za vibarua kwenye ujenzi wa darasa. Andika kwenye daftari nani anashika kitu kinachotakiwa, nani anakihitaji, kama kuna mahali pengine pa kukipata, na kitaendelea kumfaa mhitaji kwa muda gani. Jambo hili la mwisho husahaulika sana, ingawa kwa mkulima ndilo lenye uzito kuliko yote, maana mbolea ya kupandia inayogombaniwa mvua zinapoanza haina mgombeaji mwezi Machi, na aliyeishika anajua hilo vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Mfano ambao wakulima wengi wa mikoa hii wanaukumbuka ni ule wa vocha za pembejeo. Mpango huo wa taifa ulianza mwaka 2008, na Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa ndizo ghala la mahindi, ziliwekwa mstari wa mbele. Serikali ilibeba karibu nusu ya bei ya mbolea na mbegu bora, mkulima akachangia iliyobaki, na wakala wa pembejeo akazipeleka vocha zilizotiwa saini benki ya NMB ili alipwe sehemu ya Serikali. Kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyopendekeza nani apate.

Mpango huo ulikuwa na mianya miwili, na ukiitazama kwa makini utaona kwamba kila mmoja ulifunguliwa kutoka upande wake. Mwanya wa kwanza ulikuwa kwenye orodha. Watafiti waliofuatilia vocha hizo mkoani Kilimanjaro walikuta kuwa takribani asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilifika katika kaya za viongozi waliochaguliwa wa vijiji, na hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na vile vyenye tofauti kubwa ya kipato. Hiyo ni rushwa ya madaraka isiyo na utata: anayeandika orodha amejiandika. Mwanya wa pili ulikuwa dukani. Mkulima aliyestahili na aliyepewa vocha kwa haki hakuwa na fedha ya kuchangia nusu yake, na wakala akamweleza kuwa asihangaike, aweke saini, achukue shilingi elfu chache, karatasi ibaki. Mfuko wa mbolea haukutoka ghalani, lakini Serikali ikalipa kama vile umetoka. Katika mwanya huu mkulima alishiriki udanganyifu kwa hiari yake, akaweka saini ya uongo, na wala hakuwa na cheo chochote.

Sasa jiulize dawa. Mwanya wa kwanza ungezibwa kwa kuisoma orodha mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na kuibandika kabla vocha hazijagawiwa. Dawa hiyo isingegusa mwanya wa pili hata kidogo, kwa sababu jina la mkulima yule lilikuwa halali na jirani zake wangelipigia makofi. Alichokosa ni fedha katika juma lile. Mkopo mdogo wa kikundi, au ruhusa ya kuchangia baada ya mavuno, ungemwondoa mikononi mwa wakala. Tangu msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku hutolewa kwa wakulima waliosajiliwa katika mfumo wa kidijitali, jambo ambalo limepunguza nafasi ya kamati kujiandika. Kwa maoni yangu, hata hivyo, mfumo wowote wa usajili huiacha palepale shida ya mkulima ambaye jina lake limo na mfuko wake wa fedha hauna kitu.

Tafuta anayepanga bei

Daftari likishakuwa na maelezo ya kutosha, nenda kwenye kipimo ninachokiamini kuliko vingine, nacho ni bei. Mwaka 1988 mtaalamu wa utawala Robert Klitgaard alieleza kuwa rushwa hustawi pale mtu anapokihodhi kitu, akawa na hiari ya kuamua nani akipate, na asiwajibike kwa yeyote. Maelezo hayo yana faida moja kubwa kwetu: yanatuwezesha kuyaona madaraka mahali pasipo na cheo. Chukua skimu ya umwagiliaji ya mpunga kama zile za bonde la Usangu. Mgawa maji anaweza kuwa kijana wa kawaida, asiye na ofisi wala muhuri, anayelipwa kwa magunia machache ya mpunga baada ya mavuno. Lakini katika wiki ya kupandikiza miche, yeye ndiye anayeamua lango gani la mfereji lifunguliwe usiku, na mwenye shamba la mkiani hana mto mwingine wa kuukimbilia. Ukipima madaraka kwa cheo, utamweka kijana huyo upande wa wanyonge na utakuwa umekosea kwa wiki tatu za mwaka, ambazo ndizo wiki zenyewe zinazohusika.

Waulize watu wenye hali tofauti walitoa nini kupata huduma ileile. Zungumza na tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, mwenye ndugu kwenye kamati na asiye naye. Ukikuta bei inapanda kadiri mhitaji anavyobanwa, au inashuka kwa yule anayeweza kusema "basi, nitakwenda kwingine", unashughulika na rushwa ya madaraka, hata kama anayepokea amevaa kandambili. Utafiti wa Jakob Svensson kuhusu kampuni za Uganda, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha jambo hilihili katika biashara: kampuni zenye uwezo mkubwa wa kulipa zilitozwa zaidi, na zile ambazo zingeweza kuhamishia mtaji wake kwenye shughuli nyingine zilitozwa kidogo. Bei ilikuwa ikipangwa kwa kumtazama mlipaji, kama dalali anavyomtazama muuzaji mwenye haraka.

Ukikuta bei ni ndogo, inajulikana na kila mtu, haibadiliki, na watu huitoa kabla hawajaombwa, yaani ile wanayoiita ya soda au ya maji ya kunywa, bado hujafika mwisho. Uliza swali moja zaidi: ni nini kilimpata aliyekwenda bila kuitoa? Ikiwa alihudumiwa kama wengine, basi watu wanalipa kwa sababu ya woga na mazoea, na tangazo la maandishi linalosema huduma hii ni bure, likisomwa kanisani, msikitini na mkutanoni, linaweza kupunguza sana tabia hiyo. Ikiwa alizungushwa wiki mbili, rudi kwenye rushwa ya madaraka. Ile soda ni uso wake wa nje. Wahenga waliosema penye udhia penyeza rupia walikuwa wakimshauri mwenye shida. Mtengenezaji wa udhia hawakumgusa, na mikutano mingi ya vijiji nayo humsahau.

Mtihani mgumu kuliko yote: gunia la lumbesa

Ninalieleza gunia hili kwa urefu kwa sababu hakuna mahali ambapo nguvu na unyonge vimefungwa pamoja kama humo. Mkulima wa viazi mviringo wa Uyole, Makete au Njombe anajua kuwa sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Mnunuzi naye anajua. Hata hivyo gunia hushonewa kipande juu, likajazwa hadi likavimba kichwa, na bei ikawa ya gunia moja. Mkulima hukubali kwa sababu viazi vimeshang'olewa, lori linaondoka alfajiri, na akikataa yeye jirani atakubali. Kisha naye hujilipia kwa njia yake: katikati ya gunia huweka viazi vidogo, vya kijani, vilivyokatwa na jembe, wakati mwingine vyenye udongo mwingi kuliko inavyostahili. Mnunuzi, akishafungua magunia sokoni Dar es Salaam na kukuta hayo, hurudi msimu unaofuata akidai lumbesa kubwa zaidi ili afidie hasara.

Ukimsikiliza mnunuzi, atakuambia wakulima ni matapeli. Ukimsikiliza mkulima, atakuambia wanunuzi ni wezi. Wote wawili wanasema kweli na hakuna anayesaidia. Kipimo kinachofaa hapa ni kutazama misimu. Viazi vinapokuwa adimu na malori yakawa yanavitafuta shambani, je, lumbesa hupungua? Na mkulima anapokuwa na nguvu ya kuchagua mnunuzi, je, viazi vibovu katikati ya gunia hupungua pia, au huongezeka kwa kuwa sasa anajua mnunuzi hana pa kwenda? Swali la pili ndilo linalouma. Ikiwa ubovu unaongezeka wakati mkulima ana nguvu, basi hoja kwamba ni unyonge uliomfundisha udanganyifu haitoshi, na kijiji kinapaswa kujiandaa kuwasimamia watu wake wenyewe kama kinavyotaka wanunuzi wasimamiwe. Kama ubovu unapungua, ana haki ya kusema alikuwa akijitetea.

Katika shughuli nyingi jibu litachanganyika, lakini halitakuwa nusu kwa nusu, na ni vyema kamati iandike upande unaoelemea kabla ya kuendelea. Kamati isiyoandika hukubaliana na msemaji mwenye sauti kubwa.

Maelezo mawili yanayopotosha

La kwanza ni lile la mshahara mdogo. Mwaka 2010 Serikali ya Ghana iliongeza mishahara ya polisi wake takriban maradufu, na watafiti waliokuwa wakifuatilia safari za malori katika barabara kuu za Afrika Magharibi wakapata nafasi ya kulinganisha. Walikuta kuwa polisi wa Ghana, wakilinganishwa na maofisa wa forodha ambao mishahara yao haikupandishwa na polisi wa Burkina Faso, walizidi kutoza na kiasi walichokusanya kwa madereva kikaongezeka. Mshahara ulipanda, mamlaka ya kulisimamisha lori porini yalibaki vilevile. Dereva wa barabara ya TANZAM, ile iendayo Zambia, hahitaji kuelezwa zaidi. Ninatenga, hata hivyo, mshahara mdogo na mshahara usiokuwepo. Mgawa maji, mlinzi wa ghala au karani wa mizani ambaye chama kimekaa msimu mzima bila kumlipa atajilipa mwenyewe, na chama hakitakuwa na uso wa kumlaumu.

La pili ni lile la kusema wakubwa ndivyo walivyo. Wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa mjini New York walikuwa na kinga dhidi ya faini za kuegesha magari, na kati ya mwaka 1997 na 2002 baadhi ya balozi zilirundika faini nyingi ajabu zisizolipwa, wakati nyingine, kama za Norway na Sweden, hazikuwa na deni lolote ingawa kinga ilikuwa ileile. Mwishoni mwa mwaka 2002 jiji lilipata uwezo wa kuyaondolea namba za kidiplomasia magari ya wadaiwa, na makosa yakashuka kwa karibu asilimia 98. Kwa hiyo kukosa kuwajibishwa hakuwaharibu wote, lakini kuwajibishwa kuliwarekebisha karibu wote, bila kubadilisha vyeo, vipato wala watu. Kwa kamati ya kijiji, hili linamaanisha kuwa kazi ya kumtafuta kiongozi mwenye moyo safi, ingawa ina thamani yake, ina matunda machache kuliko kazi ya kuweka utaratibu ambao hata mwenye moyo wa kawaida atauheshimu.

Kuna pia kundi la watu wenye mamlaka madogo wasioheshimiwa na mtu: mlinzi wa geti, mgambo wa soko, karani wa dirishani. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012 na watafiti wa saikolojia wa Marekani yaliwapa watu uwezo juu ya wenzao huku wengine wakiambiwa kuwa nafasi waliyonayo ni ya kudharauliwa. Hao wenye uwezo bila heshima ndio waliowachagulia wenzao kazi za kudhalilisha zaidi. Si jaribio la rushwa, na sitaki kulibebesha mzigo usio wake, lakini mtu yeyote aliyewahi kuzungushwa na mgambo atalielewa.

Ikiwa chanzo ni madaraka

Gawanya kazi. Katika ujenzi wa madarasa na zahanati kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani wahusika kununua vifaa na kuajiri mafundi wenyewe bila mkandarasi, huwepo kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, na utatu huo una maana moja: anayenunua saruji asiwe anayeipokea, na anayeipokea asiwe anayeitumia. Kagua kama kweli ni watu tofauti. Mara nyingi utakuta majina ni tofauti na ukoo ni mmoja, au wajumbe wa mapokezi hutia saini nyumbani kwao jioni kwa mzigo ambao hawakuuona. Waombe wakuonyeshe tarehe ya gari kufika na tarehe ya saini zao. Tofauti ya tarehe hizo hueleza mengi kuliko ripoti.

Tumia sheria ambayo tayari ipo. Mkutano mkuu wa kijiji, unaowahusu wakazi wote waliotimiza miaka 18, unapaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Namna ya kuuliza ina uzito wake. Omba taarifa ya fedha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wiki moja kabla ya mkutano. Siku yenyewe chagua kipengele kimoja na uombe stakabadhi zake, kwa utulivu, ukimwita mwenyekiti kwa cheo chake. Anayesimama na kutangaza kuwa mmekula fedha zetu humpa kiongozi nafasi ya kujibu tusi na kuacha hesabu.

Jua pia mipaka ya macho ya wananchi. Katika utafiti wa Benjamin Olken, uliochapishwa mwaka 2007 na kuhusisha zaidi ya vijiji 600 vya Indonesia vilivyokuwa vikijenga barabara, kuongeza uhakika wa ukaguzi wa serikali kutoka asilimia 4 hadi 100 kulipunguza fedha zilizopotea kwa takribani asilimia 8 ya gharama. Kuwaalika wanakijiji wengi zaidi mikutanoni kulipunguza wizi wa ujira wa vibarua, ila wizi wa vifaa ukabaki karibu palepale. Sababu haifichiki: kibarua anajua alilipwa nini jana, lakini hajui nondo ngapi zilistahili kuingia kwenye nguzo. Kwa hiyo wape wananchi kazi ya kufuatilia wanachokiona, kama malipo, zamu na idadi ya mifuko iliyoshushwa, na vile visivyoonekana viombewe mkaguzi kutoka nje. Kwa vyama vya ushirika, ukaguzi wa hesabu ni kazi ya COASCO, shirika la umma la ukaguzi wa vyama hivyo. Chama ambacho hesabu zake hazijakaguliwa kwa miaka miwili kisiruhusiwe na wanachama wake kuchagua bodi upya kabla ya ukaguzi. Vijiji vile vya Indonesia vilipotishiwa ukaguzi vilianza pia kuajiri ndugu wengi zaidi wa viongozi, kwa hiyo orodha ya vibarua iangaliwe baada ya ukaguzi kama ilivyoangaliwa kabla.

Jambo likiwa kubwa kuliko uwezo wa mkutano, lipeleke TAKUKURU, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, ambayo ina ofisi katika mikoa na wilaya zetu na hupokea simu za bure kwa namba 113. Tangu mwaka 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na ni busara kumweleza ofisa mapema kuwa unaomba ulinzi huo.

Ikiwa chanzo ni unyonge

Hapa mikutano na mabango havifiki mbali, kwa sababu aliyebanwa hakosi taarifa. Amekosa mlango wa pili. Kazi yenu ni kuufungua. Mizani ya pili iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, ikawekwa mahali ambapo mwanachama anaweza kupima kahawa yake kabla ya kuifikisha kwenye mizani ya chama, hupunguza kilo zinazopotea bila mtu yeyote kushtakiwa. Ratiba ya maji iliyochorwa ubaoni kwa wiki nzima, ikionyesha saa na jina, humwondolea mgawa maji hiari aliyokuwa akiiuza, na kumbadilisha zamu kati ya mfereji wa juu na wa chini humwondolea wateja wa kudumu. Malipo ya wakulima yakipita benki au kwenye simu, karani hatakuwa na noti za kuhesabu. Wakulima wa viazi wakikubaliana kijiji kizima siku ya kung'oa na uzito wa gunia, mnunuzi hatapata jirani wa kumkimbilia. Makubaliano hayo huvunjika kwa urahisi, nami nisingeyategemea bila akiba kidogo ya kikundi ya kumkopesha yule mwenye ada ya mtoto inayodaiwa wiki hiyo.

Waelezeni watu sheria bila kuipaka sukari: chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, mtoaji ni mkosaji kama mpokeaji. Aliyeombwa atoe taarifa kabla ya kulipa, kwa sababu wakati huo TAKUKURU huweza kuandaa mtego, na akishalipa kwanza anakuwa na lake la kujieleza. Rushwa ya ngono, ambayo sheria hiyohiyo inaitambua, isijadiliwe kamwe katika kundi hili la unyonge, hata kama anayeombwa ni binti anayetafuta kibarua na wazee wa kamati wakasema ni makubaliano ya watu wawili. Anayepanga bei ni mmoja tu, na suala hilo ni la madaraka tangu mwanzo hadi mwisho.

Uchaguzi wa viongozi ni mahali ambapo unyonge hujigeuza kuwa madaraka kwa siku moja. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliiruhusu takrima kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoyatengua mwaka 2006. Chumvi, kanga na pombe havikuisha kwa hukumu hiyo. Mpiga kura anayepokea huona kuwa hiyo ndiyo siku pekee katika miaka mitano ambayo mkubwa anamhitaji, na hesabu yake si ya kijinga. Lakini mgombea wa uenyekiti aliyetumia fedha atataka kuzirudisha, na atazirudisha kwenye viwanja, kwenye michango ya shule na kwenye zamu za maji, kutoka kwa watu walewale. Kwa ngazi ya kijiji na AMCOS, njia inayowezekana ni wanachama kukubaliana, kabla majina hayajachukuliwa, kuwa kila mgombea ataeleza mkutanoni deni analodaiwa na chama, ndugu zake wanaoajiriwa nacho, na biashara anayofanya nacho.

Baada ya hapo hifadhi daftari mpaka msimu ujao. Waulize watu walewale maswali yaleyale ya bei, wakati uleule wa uhitaji, na uweke majibu ya misimu miwili sambamba. Bei ikishuka kwa aliyebanwa zaidi, endeleeni na mlichofanya. Majina ya wahusika yakibadilika na bei ikabaki palepale, mligusa mtu mkaiacha nafasi ilivyokuwa, na itabidi mrudi kwenye kugawa kazi. Bei ikipanda, chunguzeni kama mlango mmojawapo uliokuwa wazi umefungwa na hatua zenu wenyewe, kwa mfano mnunuzi mdogo aliyefukuzwa pamoja na wale waliokuwa wakinyonya.